Mdomo wa Mtaro

Bi Zuhra hajatia hamri la kwanza mafutani
nami nimeshainama, Guraya yote imelala,
nina nondo, ndoo isiyo mkono,
na gambuti alizoniachia Twalibu,
zinanizidi vidole viwili.

Mawingu yamekaa juu ya Likoni kama mdai mlangoni.
Leo, au kesho.
Mwaka jana maji yaliingia saa nane usiku bila hodi,
yakapanda ngazi ya kwanza, ya pili,
yakalibeba godoro la mwanangu
na yeye juu yake, usingizini.

Nyawa akapita na baiskeli yake ya mitungi.
"Waachie kaunti, watakuja."
Nikamwambia, sogeza gurudumu, unanikanyagia tope.

Nachokonoa.
Mchanga kwanza, mzito, mweusi kama masizi.
Kisha nywele za bandia, zimetanda mle ndani kama wavu,
zimenasa chupa, nepi, kandambili ya kushoto,
na mfuko wa unga
wa chapa ile ile ninunuayo mimi.
Nikaugeuza. Fundo langu, nilivyozoea kulifunga.
Nikautia ndooni upesi, hakuna aliyeona.

Jana Twalibu alipiga kutoka Winipegi.
Naye yuko barabarani na beleshi, anauchimba mdomo wa mtaro,
theluji ikiyeyuka isimrudie chumba cha chini.
Akanigeuzia simu nione:
weupe, weupe, na tundu moja jeusi katikati.
Nikamuuliza, ina harufu?
Akafikiri.
"Haina."
Kisha akanyamaza kitambo,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Nondo imegonga kitu, kimelegea.
Namimina ndoo ya maji safi, ya kununua, roho inaniuma.
Maji yakasimama.
Yakazunguka, na povu lake, na ganda moja la ndimu,
yakawa kama yanashauriana,
halafu yakaenda, gubu, gubugubu,
chini kwa chini hadi kwa Bi Zuhra na kupita,
naye akachungulia, mwiko mkononi:
"Nani huyo anakoroma?"

Nikatoa simu kwa kidole kimoja kilichobaki kikavu,
nikamrekodia Twalibu ule mlio,
wala sikutia neno.

Tone la kwanza limeniangukia shingoni.
Hajajibu.
Huko kwake bado ni jana.