Ukurasa wa Sabini na Moja

Ijumaa inakuja Walukuba
na hatujui tunangoja nini.
Saa tunaijua: mbili usiku, mpira ukiisha.
Kiingilio tunakijua: elfu moja,
watoto mia tano wakikubali kukaa chini.
Isabirye ameandika kwa chaki kwenye mlango wa bati:
ILE YA KITABU.
Jina lenyewe lilikataa kuenea.

Kitabu alikileta Onzima kutoka Kampala
ndani ya gunia la viatu vya mitumba.
Hakikuwa na jalada, hakikuwa na mwandishi,
kilinuka nyayo za watu tusiowajua.
Humo mwanamke anajifungua nyumba;
nyumba inakua, inaota bati, inaanza kumdai kodi.
Kivuli cha tarishi kinatumwa chumvi,
kinapunjwa chenji, kinakwenda mahakamani.
Sura ya nne inarudi mara tatu,
na kila ikirudi maiti ni mwingine.
Na ukurasa wa sabini na moja
ni mweupe.

Gundi ilikuwa imeachia mgongoni,
basi tukakigawa kama mbuzi wa Krismasi.
Nyafwono akachukua mwanzo, au alichodhani ni mwanzo.
Wandera wa stoo ya sukari, mafungu mawili ya katikati.
Onzima, kwa kuwa ndiye mwenye mnyama, akala maini.
Mimi niliangukiwa na mwisho,
nikausoma kwanza,
na tangu hapo kila kitu kwangu huanza na matanga.

Tulibadilishana mwaka mzima.
Ukurasa wa mia na tisa ulifungiwa chapati na mayai
kwa Kagoya, pale njia panda.
Tulimwendea sote wanne.
Alimkumbuka mteja. Maneno hakuyakumbuka.

Sasa kimekuwa filamu, na kila mmoja ana yake kichwani.
Nyumba itachezwa na nani?
Itasema kwa dirisha au kwa mlango?
Wandera hali, halali:
wataitengeneza, anasema, wataipa bastola,
watamwozesha tarishi, mvua itanyesha wakibusiana.
Onzima anauliza jambo moja tu, kila siku, kwa kila mtu:
ule ukurasa mweupe
wameupigaje picha?

Usiku wa Jumatano Isabirye alinigongea.
Miaka kumi na miwili anatutafsiria filamu kwa kipaza sauti;
yeye ndiye koo la kila jambazi,
yeye ndiye kilio cha kila mjane,
wazungu wote amewapa majina ya Kisoga na wameyaitikia.
Hakutaka chai.
“Niambie tu mbaya wao ni nani.
Nikishamjua mbaya, mengine nitayasema.”
Nikafunua kurasa zangu, mbele, nyuma,
nikitafuta mtu mmoja wa kuchukiwa.
“Labda chumvi,” nikamwambia.
Akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja.

Ijumaa. Nyafwono ameleta shuka,
lile lile la siku zote, amelipiga pasi hadi pembeni.
Doa la chai halikutoka;
kila shujaa tuliyemwona hapa
alipita nalo shavuni.
Tumejaa mpaka kwenye kreti za soda.
Jenereta imekohoa, ikanyamaza.
Taa moja ya simu, ya nani sijui, imeliangaza shuka,
na juu yake hakuna kitu.

Nikasubiri kelele, miluzi, rudisha hela zetu.
Hakuna.
Wandera amekamata goti la mtu asiyemfahamu.
Onzima anatikisa kichwa taratibu, kama aliyejibiwa.
“Imeanza?” mtoto mmoja akauliza kutoka chini,
akazibwa mdomo.

Isabirye, mgongo kwetu, kamba ya jenereta mkononi,
akaisikia kimya yetu, akageuka.
Akatutazama. Akalitazama shuka.
Akakiokota kipaza sauti kisicho na umeme,
akasoma kiganja chake,
akakohoa kidogo:

“Chumvi…”