Mtoto Njiti Anakunywa Kahawa

Ametangulia, hajafika.
Wiki ishirini na nane, gramu mia tisa na themanini:
nimewahi kubeba jogoo mzito mara tatu kuliko huyu.
Yumo ndani ya sanduku la kioo, ghorofa ya tatu,
juu ya mji wa Manizales unaoteleza kila mvua ikinyesha,
na kazi yake ni moja tu, kupumua,
na mara nyingine anaisahau.

Si mapafu, alisema daktari Echeverri,
akichora kwa kalamu nyuma ya risiti yangu ya basi.
Ni huku: kisogoni, ndani, pale ubongo unapokuwa shina
kabla haujashika uti wa mgongo.
Hapo kuna seli chache zinazohesabu
ndani, nje, ndani, nje,
bila kushukuriwa na mtu.
Na kila seli ina vipokezi mlangoni,
viti vidogo, kila kimoja na mgeni wake.
Mgeni mmoja huitwa adenosini.
Ni majivu ya kazi, masazo ya mwili uliochoka;
huja, huketi, hunong'ona: pole, pumzika.
Mimi akininong'oneza, napiga miayo, nalala.
Mwanangu anatii mno.
Anapumzika hata pumzi.

Sekunde ya kumi na tano. Ya kumi na nane.
Midomo inaingia rangi ya wino.
Ya ishirini, mashine inapiga yowe
na nesi Yaneth, bila kukimbia
(hakimbii kamwe, ndiyo maana namwogopa),
anapitisha mkono kwenye tundu la kioo
anamkuna unyayo kwa kidole kimoja,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.
Mtoto anashtuka. Kifua kinapanda.
Rosmira, mke wangu, anapanda nacho.

Mara kumi na moja, usiku wa Jumanne.

Jumatano wakaleta bomba dogo lenye maji maangavu.
Nini hicho? Kafeini, akasema Yaneth.
Nikadhani ananitania kwa sababu ya kucha zangu.

Miaka kumi na tisa nimechuma buni
kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huomba radhi,
kikapu kiunoni, kamba ikinichora mbavu,
kilo kwa kilo, kwa mnunuzi asiyejua jina langu.
Nimeitukana kahawa kwa lugha zote mbili ninazozijua,
Kihispania na ukimya.
Nyumbani tunakunywa chenga, zile zilizokataliwa na mizani.

Daktari akatafuta nafasi kwenye risiti ile ile.
Kafeini, alisema, imefanana na adenosini
kiasi cha kukidanganya kiti.
Inaketi. Haisemi neno.
Adenosini akifika anakuta pamekaliwa,
anasimama mlangoni na pole yake mkononi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
sikujua kwamba mgeni anaweza kuponya
kwa kunyamaza tu, kwa kuziba nafasi.

Usiku huo, mara nne. Alhamisi, mara mbili.
Leo alfajiri sijui, nilisinzia,
kichwa ukutani, adenosini wangu amejikalia vizuri.
Kengele haikulia, au sikuisikia.
Nilipoamka Rosmira alikuwa amefungua vifungo vya blauzi
na mtoto amelazwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi,
nyaya zikining'inia kama mizizi ya mche
uliong'olewa kwenye kitalu kabla ya siku yake.

Akaniashiria nisogee.
Nikanusa vidole kwanza: sabuni ya hospitali,
na chini ya sabuni, ile harufu.
Nikamwekea kimoja mgongoni.

Ndani. Nje.
Nikangoja.
Ndani.