Chumba Kisichosikia Jenereta

Wiki tatu kabla ya upasuaji wa jicho la Mama
nilianza kuonja vitanda vya Lagos.
Dukani niliaga kwamba nafuata nyuzi,
kisha nikaenda kukalia magodoro ya watu,
nikirukaruka kidogo, kama mtoto aliyeachwa peke yake,
mhudumu akinitazama, ufunguo mkononi.

Orodha niliiandika nyuma ya risiti ya vitambaa:
ghorofa ya chini, maana lifti hapa huzimika na watu ndani;
maji ya moto kabla ya alfajiri;
choo cha kukaa, goti lake la kushoto limegoma;
hospitali iwe jirani, foleni isitukute darajani
saa ya daktari ikitupita;
na mwisho kabisa, nimelipigia mistari miwili,
neno moja: kimya.

Hoteli ya kwanza, Yaba, ilikuwa na maua ya plastiki
na harufu ya maua ya kweli, ya kupuliziwa.
Nikauliza, dirisha linatazama wapi?
"Linatazama nje," akasema kijana.
Nje palikuwa na baa,
na baa ilikuwa na spika zenye kimo cha mlango.

Ya pili ilikuwa nzuri hata nikaiogopa bei kabla ya kuisikia.
Nikaisikia.
Nikashukuru kwa maji baridi, nikatoka.

Ya tatu, Surulere, nyuma ya mafundi viatu.
Mapokezi alikuwapo Ebiere, nusu ya kichwa kimesukwa,
nusu kinangoja zamu iishe.
"Jenereta yenu iko wapi?"
Akacheka. "Wageni huuliza bwawa la kuogelea."
Akanipeleka uani: kibanda cha bati,
na ndani yake limelala fahali la chuma,
Danladi mlinzi akilipangusa kwa fulana kuukuu.
Nikahesabu hatua hadi chumba namba nne.
Sitini na mbili.
Nikalipa siku tano, nikabishania mito miwili ya ziada,
nikapewa, nikarudi nyumbani nikijiona waziri.

Mama alifika Jumanne kutoka Ilesa
na mfuko wa gari (la unga wa muhogo, si la magurudumu)
na shuka lake mwenyewe,
kwa kuwa shuka la hoteli, alisema, lina siri za watu.
Akapapasa godoro. Akafungua bomba, akalisifu.
Nikangoja anisifu na mimi.

Saa sita usiku umeme ukakatika.
Mbali kule, kama nyuki ndani ya chupa,
jenereta ikashika. Feni ikaendelea kuzunguka.
Nikatabasamu gizani.
"Morenike."
"Naam, Mama."
"Hapa pamenyamaza kama nyumbani."

Nikadhani ni sifa.
Nikageukia ukutani, usingizi ukaniruka.

Miaka thelathini na minne alilala juu ya kinu cha dizeli cha Baba,
kitanda kikitetema, vikombe vikigombana kabatini,
Baba chini akiwasagia usiku wanawake wa soko la asubuhi.
Tulipomzika, kinu tulimuuzia mtu wa Osogbo.
Tulisema: sasa Mama atapumzika.
Hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi Ebiere aliniangalia kama mtu aliyelewa.
"Karibu na jenereta?"
"Ukuta kwa ukuta."
Akanirudishia pesa;
chumba kile hakuna akitakaye, ni nusu bei.

Usiku wa Alhamisi, jicho limefungwa bandeji,
Mama aliweka kiganja ukutani, penye mtetemo,
akalala kabla sijamaliza kumvua viatu.
Mimi sikupata hata lepe.
Glasi ya maji ilitembea mezani,
polepole, hadi ukingoni. Nikaidaka. Nikairudisha.

Saa kumi umeme wa serikali ulirudi.
Danladi akazima.
Mtaa mzima ukashusha pumzi,
nami nikafumba macho, hatimaye,
na Mama akaketi kitandani,
akaligeuzia giza jicho lake moja,
akauliza:
"Nani ametoka?"