Hatua ya Hamsini

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, chumba cha uani.
Feni inakata joto vipande, haliishi.
Singano, mtoto wa marehemu dada yangu,
anaifundisha kompyuta sataranji.
Ameipa jina Mkonge,
maana, anasema, haichoki na ina miiba.

Mwanzo Mkonge haikuijua sheria ya sare.
Ilikuwa na mfalme na ngome, mimi mfalme mtupu,
ikanizungusha ubaoni kama mgeni anayetafuta choo.
Ingeweza kunimaliza kwa hatua sita.
Haikunimaliza.
Kwake ushindi wa leo na ushindi wa mwakani
ni namba ileile, basi haraka ya nini?
Nikahesabu kwa penseli, nyuma ya risiti ya luku:
arobaini na nane, arobaini na tisa,
hamsini. Hakuna kilicholiwa.
Sare, mwanangu. Kaiambie mashine yako.

Hakulala. Alfajiri akaja, macho mekundu:
Mama mkubwa, sasa inahesabu.
Kweli ikahesabu, tena ikazua hila.
Ikifika arobaini na tisa na njia haioni,
inasukuma kitunda mraba mmoja.
Si kwamba kitunda kina safari,
ila hesabu irudi sifuri, tuanze upya.

Nilicheka mpaka nikakohoa.
Huyo ni kaka yangu Mhina, baraza la ardhi,
mwaka wa tisa juu ya nyumba ya baba:
shauri likikaribia kufa, analeta karatasi mpya.

Ipo na sheria ya mara tatu.
Sura ya ubao ikirudi ileile mara ya tatu,
anayetaka anadai, mchezo umekwisha.
Mimi na Mhina tunarudia maneno yaleyale kila Idi
na hakuna anayedai.

Singano akaongeza kipimo, akakiita dharau:
Mkonge ione sare ni hasara,
robo ya kitunda.
Usiku ule ikakataa kurudia,
ikatoka penye usalama kwa kiburi chake
nikaifunga, mimi mwenye presha
na miwani iliyofungwa uzi.
Punguza dharau, nikamwambia.
Akapunguza.

Jana, ngome na askofu wake, ngome yangu peke yake.
Kioo kikaandika:
ushindi upo, hatua hamsini na nane.
Na upo. Umo kwenye jedwali, kila hatua,
hadi ngome yangu iliwe.
Lakini sheria inatoa hamsini.
Nikacheza taratibu, umeme ukakatika, ukarudi,
Mkonge ikaendelea pale ilipoachia bila kinyongo,
na kwenye ya hamsini ikasimama.
Sare.

Zile nane zilizobaki ziko wapi?
Nimeziwaza leo nikichambua mchele.
Haki kamili, iliyoandikwa, isiyo na shaka,
na muda usioitosha.
Nina miaka sitini na minane.

Saa nne nikaenda barazani.
Mhina yupo benchi la mbele, kanzu imempwaya,
ameshika bahasha mpya, bado ina gundi mbichi.
Nikaketi karibu naye kuliko nilivyozoea.
Hii ya ngapi, nikamuuliza.
Hakujua.
Mimi ninajua. Nikafungua pochi,
nikamwonyesha risiti, upande wa nyuma.