Kura ya Beki wa Kulia

Kiti cha mbele shilingi mia tano,
benchi la nyuma mia tatu,
na usiku huu kwa Mwaluko hata ndoo zimegeuzwa viti.
Kibaigwa nzima ina vumbi la mahindi kwenye kope
na imekuja hivyo hivyo, haijanawa,
kutazama wanaume wenye suti za kung'aa kama mbawa za kumbikumbi
wakisubiri kuambiwa nani kati yao ni nani.

Lechipya Ndahani amekalia ndoo.
Leo kashusha malori mawili.
Najua kwa namna anavyoishika shingo,
kama mtu anayetafuta gunia alilolisahau hapo.

Vijana wanabishana. Mmoja ana takwimu:
mabao, pasi za mwisho, kilomita zilizokimbiwa.
Mwingine anaapa kwa kaburi la bibi yake
kwamba kura ziliibwa kabla hazijapigwa.
Eti wapiga kura ni waandishi, kila nchi na wake.
Mwandishi anajua nini?
Angeulizwa beki.
Beki ndiye aliyekuwapo.

Mimi nilikuwapo. Mpwapwa, fainali ya tarafa,
mwaka ambao uwele ulinyaukia shambani
na zawadi ya bingwa ikashushwa kutoka fahali
hadi beberu mmoja mwenye kikohozi.
Lechipya alicheza pekupeku, winga wa kushoto.
Mimi nilikuwa na viatu (viatu, jamani!)
vya mjomba wangu askari magereza.
Aliponipita mara ya kwanza nikasema ni jua.
Mara ya pili nikasema upepo.
Mara ya tatu nilikuwa chini, goti limechanwa na kokoto,
nikaziona nyayo zake zikienda, nyeupe kwa vumbi,
na sikusema kitu.

Kutoka Dodoma alikuja bwana mmoja na daftari.
Akauliza jina mara mbili,
umri, kijiji, jina la baba.
Akasema atarudi baada ya mvua.
Mvua ipi, hakusema.

Sasa jukwaani bahasha inafunguliwa,
mwanamke wa gauni refu anavuta pumzi,
Kibaigwa inavuta naye,
Luku ikaisha.

Kelele zile usiniulize. Mtu alimlaani Mwaluko na ukoo wake,
mtu akatumbukiza mguu ndani ya ndoo.
Sechelela, bintiye, alipanda juu ya benchi kutafuta mtandao,
na tarakimu ishirini zilipoingia kwenye simu
akazisoma kwa sauti, nasi tukamfuatisha gizani, watu wazima,
saba, sifuri, tatu, tatu,
kama darasa la kwanza.

Katika giza hilo nilipiga kura yangu.
Niliweka kiganja gotini, penye kovu.
Kombe lake nimelitunza mimi
miaka yote hii,
na hajawahi kuja kulidai.

Taa iliporudi mshindi alikuwa analia.
Lugha yake hakuna aliyeijua mle ndani.
"Anasema nini?" Lechipya akauliza.
"Anamshukuru mama yake."
Sikuwa na hakika, ila huwa wanamshukuru mama.
Akacheka kwa pua.
"Mama yangu aliuchoma mpira wangu.
Nailoni tupu, ilinuka siku tatu.
Ng'ombe wameingia mtama wa mjumbe, mimi niko korongoni nacheza."
Kisha, baada ya tangazo la bia:
"Alikuwa na haki. Tulilipa madebe manne."

Tulitoka pamoja. Alfajiri anasubiriwa na lori la Kiteto.
Njiani palikuwa na chupa tupu ya maji,
karibu na mguu wake wa kushoto.
Sikumwambia neno, wala yeye hakuniambia.
Aliinamisha bega tu, bega lile lile,
na mimi, mwenye wajukuu watatu, mwenye presha,
mwenye kufunga goti kwa kitambaa wakati wa baridi,
nikaenda upande ule ule niliokwenda Mpwapwa.

Alikuwa ameshapita.