Daftari la Kizimba cha Nne

Mwaka jana nilihesabu kwa ndoo.
Ndoo ya kwanza alfajiri, ya kumi kabla ya chai,
halafu nikaacha,
maana kalamu nayo ina haya zake.
Sato waliotokwa macho kama shanga
walizunguka, wakazunguka palepale,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Tuliwafukia nyuma ya Igombe, chokaa juu, mawe juu ya chokaa,
na korongo wakapata habari kabla ya benki.

Mwaka huu nahesabu mmoja mmoja.

Nkwimba kakopa tena. Kwa nani, hasemi.
Chanjo imekuja na bodaboda kutoka mjini,
boksi limeviringishwa kanga mbili, barafu ikivuja jasho,
na bwana samaki, Lubango, kalipokea kwa mikono miwili
kama mtoto wa mwenziwe.

Beseni la kwanza lina mafuta ya karafuu.
Wanaingia wakipiga mikia,
wanatoka wamelegea, wananukia pilau
ambalo, safari hii, si lao.
Mbuke anamlaza kila mmoja chali juu ya sponji mbichi,
anatafuta mahali, ananong'ona kitu, anachoma.
Tone moja. Chozi lina ujazo zaidi.
"Mia nne na kumi na mbili," nasema.
"Mia nne na kumi na tatu."

Vijana wa dagaa wakapita na mtumbwi, mbavu hazina:
"Nkwimba! Kadi zao za kliniki ziko wapi?
Huyo wa mwisho analia, mpe pipi!"
Hakugeuka.
"Ninyi mlichomwa mkapiga kelele ukoo mzima ukasikia.
Wangu wana adabu."

Nikajikuta nimeshika bega la kulia,
lile kovu dogo la mviringo.
Mama alinibeba toka Kayenze kwa miguu
kwa ajili ya nukta hii.
Mimi sikumbuki. Damu ndiyo inayokumbuka:
mgeni aliletwa mlangoni akiwa maiti,
ikamtazama uso vizuri,
na tangu siku hiyo haijalala sawasawa.

"Umeruka," Mbuke akasema. "Hiyo ilikuwa sita mia na mbili."

Wa mia saba na sita hakuamka.
Nkwimba alimsukuma majini, mbele, nyuma,
mdomo wake ukinywa ziwa bila kiu,
mpaka Lubango akamgusa kiwiko.
Nimemwandika. Ana mstari wake peke yake.
Waliokufa mwaka jana hawakupata hata nusu.

Jioni elfu moja mia tisa na sitini walikuwa ndani ya nyavu,
wamechanganyika, huwezi kumjua huyu na yule,
na Lubango akanawa mikono akisema
mwili unahitaji wiki tatu kujifunza,
na tusiwajaze tena kama mpunga guniani,
kwani sindano haimfukuzi jirani anayekukalia puani.
"Na katika hizo wiki tatu?" Nkwimba aliuliza.
Alitazama maji. Akafunga boksi.

Usiku joto limegoma kushuka.
Nimepiga mstari chini ya hesabu,
ukurasa unaofuata nimeuacha mweupe.
Ndoo ziko palepale ukutani,
zimeoshwa,
zimefudikizwa.