Saba Nukta Mbili

Hapa Makorora wananijua kwa futi ya shingoni.
Nawapima mabega, viuno, urefu wa mkono,
naandika kwa chaki: thelathini na nne, arobaini kasorobo.
Mwenyewe sijawahi kujipima kitu.

Ulianza kama uvivu. Ndivyo walivyouita,
nami nikaupokea kama mtu anavyopokea jina la utani.
Kanyagio la cherehani likawa zito. Gauni moja, siku tatu.
Nikitoka bombani na ndoo isiyojaa
moyo unanienda mbio kama umemwona mgambo wa jiji.

Kisha ikaja tamaa ya udongo.
Sokoni Mgandini unauzwa kwa mafungu,
wa kijivu, umekaushwa moshini,
na muuzaji haulizi ila anacheka:
"Hongera, mwezi wa ngapi?"
Sikuwa na mwezi wowote. Nilikuwa na njaa ya ardhi.
Nilitafuna na mchele mbichi, gizani, kama panya.

Shangazi Mwantumu akasema kijicho.
Jirani Zaituni akasema kuna mtu kanikalia.
Niliamini kila kimoja kwa siku zake;
uchovu hauna ubishi.

Bombo, kijana wa maabara, Mntangi jina lake,
alinivuta kope ya chini
akachungulia kama anayetazama kitambaa kilichochujuka.
Kisha kidole.
Sindano zangu zimenitoboa mara elfu,
hii ndiyo ya kwanza iliyouliza swali.
Saba nukta mbili.
"Mama, umefikaje hapa kwa miguu?"

Akanieleza: damu hubeba hewa kama mpagazi,
na mpagazi huyo hushika mzigo kwa mkono wa chuma.
Chuma kile kile? Cha reli? Cha cherehani?
"Kile kile. Ila mwili mzima
hauhitaji zaidi ya msumari mmoja.
Wako umeupoteza."

Daktari, mwanamke, akafunga mlango kwanza.
"Siku zako huenda ngapi?"
Tisa.
"Tangu lini?"
Tangu nilipomzaa kitinda mimba, sasa yuko la tatu.
"Vitambaa vingapi kwa siku?"
Mimi, ninayehesabu vifungo vya watu,
nikavihesabu vyangu mara ya kwanza, kwa sauti,
na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Sasa nameza vidonge. Choo cheusi kama masizi
(waliniambia nisishtuke; nikashtuka).
Chai, na hili ndilo gumu, nimeitenga na wali,
maana hukikamata chuma mlangoni.
Mahali pake chungwa la Muheza,
dagaa, maini mfuko ukikubali,
na matembele ya uani, nayachuma mwenyewe.
Chuma, chuma: sijui nani aliyeyapa maneno haya sura moja,
lakini asubuhi hukutana kwenye ungo wangu.

Bado. Wiki ya sita, tisa kamili.
Daktari anataka kumi na mbili,
na kizazini kuna uvimbe unaosubiri zamu yake.
Nikipita Mgandini, udongo bado unaninukia mvua ya kwanza.

Ila jana nilimaliza sare tatu za shule.
Zaituni akaingia, akaketi kabla ya salamu,
amechoka, anasema, amechoka tu, hajui nini.
Nikaivua futi shingoni.
Sogea mwangani, nikamwambia.
Tazama juu.